Kifungo Kifupi: Kinachofundishwa na Kisichofundishwa

Kifungo kifupi, kwa maana itakayotumika katika makala haya, ni adhabu ya gerezani ya wiki au miezi michache ambayo mahakama humpa mtu ambaye kosa lake halihesabiwi miongoni mwa makosa makubwa ya jinai, lakini sheria haiko tayari kulifumbia macho. Nchini Kenya, mmoja wa watu wanaoweza kupewa adhabu ya namna hii ni dereva anayepatikana kwa mara ya kwanza akiendesha gari akiwa amelewa, mtu ambaye mara nyingi ana kazi na familia, hajawahi kusimama kizimbani, na hajioni kuwa mhalifu hata pale anaposomewa mashtaka. Makala haya yanaichunguza adhabu hiyo kutoka ndani, kwa kutegemea kumbukumbu za mwandishi wake, aliyeitumikia katika gereza moja la Bonde la Ufa, na yanatetea hoja moja: kwamba kifungo kifupi humfundisha aliyefungwa mambo mengi ya kweli kuhusu wakati, umaskini na jamaa zake, lakini lile ambalo kiliwekwa kulifundisha, yaani kutoshika usukani pombe ikiwa mwilini, hakina uwezo wa kulifundisha, kwa kuwa somo hilo lina mahali pake na saa yake, na vyote viwili viko nje ya ukuta wa gereza.

Sheria, kipimo na mwili wa mnywaji

Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403 ya sheria za nchi hiyo, inasema katika kifungu cha 44 kuwa ni kosa mtu kuendesha gari barabarani, au kujaribu kuliendesha, hali amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu ipasavyo, na inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili pamoja. Kwa kuwa kushindwa kulimudu gari ni jambo linaloweza kubishaniwa mahakamani siku nzima, zilitungwa kanuni za mwaka 2011 kuhusu kipima-pumzi, kifaa ambacho Wakenya wengi hukiita Alcoblow, na kuanzia Desemba 2013 kifaa hicho kikawa jambo la kawaida katika vizuizi vya usiku. Kanuni hizo zilipingwa mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona kuwa hazikulingana na sheria mama, lakini kosa lenyewe la kifungu cha 44 lilibaki pale pale. Kiwango kilichozoeleka katika vipimo hivyo ni mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi, kinachochukuliwa kuwa sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu.

Pumzi hupimwa kwa sababu alkoholi ikishaingia katika damu hupita kwenye mapafu, na sehemu yake ndogo hutoka kila mtu anapotoa hewa. Kazi kubwa ya kuivunja alkoholi hufanywa na ini, nalo huifanya kwa kasi isiyobadilika sana, takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, awe mnywaji ameoga maji baridi, amekunywa kahawa chungu, amekula nyama choma au amelala fofofo. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina gramu 16 hadi 17 za alkoholi, kiasi kinachoweza kukipandisha kipimo cha mwanamume wa kilo 70 kwa miligramu 35 hivi, na cha mwanamke wa uzito huo huo kwa zaidi ya hapo, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache zaidi ya kuichanganya alkoholi hiyo. Mwanamume huyo akinywa chupa tano kati ya saa tatu na saa sita usiku, hesabu ya kukadiria inaonyesha kuwa saa sita atakuwa na miligramu 130 hivi, atashuka hadi kiwango cha sheria baada ya saa tisa usiku, na alkoholi haitakwisha kabisa mwilini mwake hadi saa mbili na nusu asubuhi iwe imepita, wakati wenzake wameshakaa kwenye madawati yao ya kazi.

Katika kisa kinachosimuliwa hapa, dereva alikunywa hadi usiku wa manane, akalala kwa saa chache, akaamka alfajiri kuwahi mazishi katika kaunti jirani, akiwa ameoga, amenyoa ndevu na ameamini kwamba usingizi umemaliza kazi. Kwenye kituo kimoja cha bodaboda kando ya barabara kuu, gari lake lilimgonga mwendeshaji aliyekuwa akiigeuza pikipiki yake, likamvunja mguu. Polisi walipofika walimpa kipima-pumzi, kikasoma juu ya kiwango, na mambo yakafuata mkondo wake: maelezo yakaandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo, akafikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 24 kama ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inavyoagiza, akaachiliwa kwa dhamana, na kesi ilipofika mwisho, hakimu, akizingatia kuwa kulikuwa na mtu aliyeumia, alimpa kifungo kifupi pasipo hiari ya faini.

Jambo linalostahili kutiliwa mkazo katika mfuatano huo ni kwamba hapakuwa na hatua hata moja ambapo dereva alijiuliza kama anafaa kuendesha na akajijibu kuwa hafai. Alkoholi huanza kuathiri uwezo wa kupima hatari kabla haijaathiri miguu na ulimi, kwa hiyo mtu hupoteza mapema kile hasa ambacho angekitumia kujikagua, naye huendelea kujiona mzima kwa sababu hapepesuki. Atakayerudi kwenye jambo hili baadaye katika makala haya ataona kuwa ndilo linaloamua kama adhabu yoyote itafaa au haitafaa.

Mlangoni

Gereza humpokea mtu kwa maandishi. Karandinga, yaani lori la kuwabebea wafungwa na mahabusu, liliwashusha waliohukumiwa siku hiyo mbele ya ofisi ya mapokezi, wakachuchumaa kwa mistari ya watu watano watano ili wahesabike kwa urahisi, kisha kila mmoja akaitwa mezani kutoa alichonacho. Mfungwa anayezungumziwa hapa alitoa saa, mshipi, funguo na pesa kidogo, na katika mfuko wa ndani wa koti, lile lile alilolivaa siku ya ajali, askari akapata ratiba ya mazishi iliyokunjwa mara mbili, yenye picha ya marehemu kwenye jalada.

“Huyu ni nani?” askari aliuliza.

“Ni shangazi, afande.”

Askari aliitazama picha kwa muda, akaikunjua na kuikunja tena kwa mikunjo yake ya awali, akaitia katika bahasha pamoja na saa na mshipi, na katika rejista akaandika: karatasi moja. Kisha ikaja sare, vazi la mistari ambalo Wakenya wengi hulijua kwa jina la kunguru, na blanketi lililokwisha kutumiwa na wengi. Wazee waliowahi kupita magerezani humo kabla ya mageuzi ya Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais na waziri mwenye dhamana ya magereza kuanzia mwaka 2003, husimulia kuhusu kulala juu ya saruji tupu, na kwa kulinganisha na masimulizi hayo hali imekuwa nafuu. Lakini msongamano haujaisha, na katika wodi, jina wanaloliita bweni la wafungwa, mtu hujifunza usiku wa kwanza kugeuka ubavu pale tu jirani yake anapogeuka.

Katika usiku wa pili alionekana mfungwa mwingine, mtu wa makamo aliyeletwa kwa kosa dogo la ulevi, akitetemeka mikono, akitokwa jasho na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Nyapara, ambaye ni mfungwa aliyepewa madaraka ya kuwasimamia wenzake, alikata kauli kwamba ni malaria, na wengine wakanong’ona kuhusu mapepo. Ilikuwa ni pombe, au kwa usahihi zaidi kukosekana kwa pombe: mwili wa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka hujizoesha kufanya kazi ndani ya ulevi, na ukikatizwa ghafla huanza kutetemeka katika saa chache za mwanzo, huweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili, na baada ya hapo huweza kuingia katika hali ya kuweweseka ambayo isipotibiwa huua. Askari wa zamu alimpeleka zahanati, na kwa hilo alistahili shukrani, lakini tukio lenyewe lilionyesha pengo lililo wazi, kwamba watu waliofungwa kwa sababu ya pombe waliingizwa katika jengo lile bila mtu yeyote kuwauliza wanakunywa kiasi gani.

Wakati wa mtu wa siku chache

Wafungwa wa muda mrefu humtazama mfungwa wa muda mfupi kama mgeni aliyepitia kusalimia. Hawamwonei choyo wala hawamheshimu sana, kwa kuwa hatakuwepo mavuno yatakapofika na hana haja ya kujifunza desturi za mahali. Sheria yenyewe humtazama hivyo hivyo. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza kinampa mfungwa mwenye bidii na mwenendo mwema punguzo la theluthi moja ya kifungo chake, lakini kwa sharti kwamba kifungo hicho kizidi mwezi mmoja na kwamba mtu asitoke kabla ya kutimiza mwezi. Matokeo yake ni kwamba aliyefungwa siku 30 hutumikia zote, na aliyefungwa siku 45 akiwa na mwenendo mwema huweza kutoka akiwa ametumikia muda ule ule. Wafungwa huijua hesabu hii kuliko mawakili wengi, na mgeni akitaja kifungo chake tu, kuna atakayemwambia siku yake ya kutoka kabla hajamaliza kuketi.

Siku yenyewe ilikuwa na mpangilio usiobadilika: kuhesabiwa asubuhi, uji, kazi, ugali kwa maharagwe au mboga, kuhesabiwa tena, chakula cha jioni kabla jua halijatua, na mlango kufungwa. Kazi ya wenye vifungo vifupi ilikuwa kufyeka nyasi, kufagia uwanja na kuteka maji, kwa sababu kozi za useremala, ushonaji na uashi, ambazo huwapa wafungwa vyeti vya kuwasaidia wakitoka, huhitaji miezi mingi na hazina nafasi kwa mtu ambaye ataondoka kabla hajajua kuinoa randa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa ushauri nasaha: mchungaji alikuja siku za ibada na kuhubiri juu ya toba kwa jumla, lakini hakuna kikao kimoja kilichoketishwa kuzungumzia pombe, gari, au uhusiano wa vitu hivyo viwili, ingawa wodini walikuwemo watu kadhaa waliofikishwa pale na chupa.

Kilichofundishwa na mpangilio huo ni wakati. Mtu aliyekuwa na desturi ya kutoka kazini na kupitia baa hugundua, mlango unapofungwa mchana ungali mweupe, jinsi jioni ilivyo ndefu, na hugundua pia kwamba mara nyingi hakuwa akinywa kwa kiu wala kwa furaha, bali kwa kutojua afanye nini kati ya saa kumi na moja na saa nne. Huo ni ugunduzi wa thamani. Hata hivyo haukuambatana na zana yoyote ya kuutumia, kwa sababu gereza lilimnyima mtu jioni zake bila kumwonyesha namna nyingine ya kuzitumia atakaporudishiwa.

Kifungo kinachonunulika

Somo la pili lilitoka kwa mchuuzi wa nguo za mitumba aliyelala mkeka wa pembeni, kijana aliyekuwa ametozwa faini ya shilingi 10,000 au miezi mitatu kwa kuuza bila leseni. Ilibidi kwanza maswali ya desturi yaulizwe.

“Mzee, umeingia na kesi gani?”

“Ya gari. Niliendesha nikiwa nimekunywa.”

“Na faini walikuambia ngapi?”

“Sikupewa faini.”

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa mshangao wa kweli, akawaambia waliokuwa karibu kwamba hapa kuna mtu mwenye pesa asiyeweza kutoka, na yeye angetoka kesho angepata za huyu. Kauli hiyo inaeleza mfumo mzima. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kinaweka ngazi ya vifungo kwa wanaoshindwa kulipa faini: isiyozidi shilingi 500, kifungo kisichozidi siku 14, hadi shilingi 2,500, mwezi mmoja, hadi 15,000, miezi mitatu, hadi 50,000, miezi sita, na zaidi ya hapo, miezi 12. Kifungo cha namna hii hukoma pale faini inapolipwa, kwa hiyo katika wodi moja walilala watu ambao kilichowazuia ni ukosefu wa fedha, na kila gari lililosimama langoni mchana liliwafanya wainue vichwa kutazama kama kuna ndugu aliyefika na risiti.

Ulinganisho huu unamlazimu dereva mlevi aione nafasi yake bila vazi la kujihurumia. Madereva wengi wanaopatikana na kosa kama lake hulipa faini wakaenda nyumbani jioni ile ile, na hapo sheria, ingawa imeandikwa kwa maneno yale yale kwa wote, humfikia tajiri kama gharama na maskini kama kifungo. Mchuuzi ambaye hakumgonga mtu alikuwa akitazamia muda mrefu gerezani kuliko mtu aliyemvunja mwenzake mguu, kwa sababu ya shilingi ambazo katika meza moja ya baa huweza kuisha kabla ya saa nne usiku. Mtu akishaliona hilo kwa macho, hawezi tena kuiita faini adhabu nyepesi wala kifungo adhabu nzito bila kwanza kuuliza ni ya nani.

Walio nje

Adhabu ya kifungo huelekezwa kwa mtu mmoja, lakini hutumikiwa na watu wengi. Mke wa mfungwa alisafiri kwa matatu mbili kila siku ya kutembelea, akisubiri kwenye benchi kwa mazungumzo ya dakika chache, na nyumbani akalazimika kuamua watoto waambiwe nini. Aliwaambia kuwa baba yuko safari ya kikazi, jibu ambalo wazazi wengi hulitoa katika hali hiyo, na mtoto mkubwa, aliyekuwa na umri wa kusoma magazeti, alilipokea bila swali, jambo ambalo wazazi wote wawili walilielewa kuwa ni ishara kwamba alikuwa ameshaambiwa shuleni.

Kazi nayo ilikuwa na sheria yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 44, inaruhusu mwajiri kumwachisha kazi papo hapo mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa linaloadhibiwa kwa kifungo ikiwa hajaachiliwa, kwa dhamana au kwa njia nyingine halali, ndani ya siku 14. Maana yake ni kwamba dhamana inaweza kuiokoa kazi wakati wa kesi, halafu kifungo chenyewe, kiwe kifupi namna gani, kikaipoteza, kwa kuwa nafasi ya mtu haikai wazi ikimngoja. Baada ya hapo hufuata cheti cha tabia njema, hati ya polisi ambayo waajiri wengi huidai kwa mwombaji wa kazi mpya, na ambayo huangalia alama za vidole za mtu dhidi ya kumbukumbu za hukumu. Kwa hesabu ya kipato, wiki chache za gerezani zilikuja kulipwa kwa muda mrefu kuliko wiki hizo mara nyingi.

Aliyesahauliwa kuliko wote ni mwendeshaji wa bodaboda. Kesi ya jinai ni kati ya Jamhuri na mshtakiwa, na aliyeumia huingia humo kama shahidi. Akitaka kulipwa gharama za matibabu na siku alizokosa kufanya kazi, humbidi afungue kesi ya madai, ambayo ni shauri tofauti la kudai fidia, na ambayo huhitaji wakili, hati za hospitali na subira. Mguu uliovunjika hauponi kwa sababu aliyeuvunja anafyeka nyasi nyuma ya senyenge. Familia ya mfungwa ilipeleka mchango wa matibabu kupitia wazee wa pande zote mbili, kwa utaratibu wa kusuluhishana ambao jamii nyingi za Bonde la Ufa bado zinauheshimu, na mchango huo, ingawa haukuandikwa katika hukumu yoyote, ndio uliomfikia majeruhi kabla ya kitu kingine chochote kutoka serikalini au mahakamani.

Ukali na uhakika

Swali linalobaki ni kama kifungo, pamoja na hasara zake, huwazuia madereva wengine. Swali hili lina historia ndefu. Mwaka 1764, Mwitaliano Cesare Beccaria, katika kitabu chake kuhusu makosa na adhabu, alishikilia kuwa kinachomzuia mtu ni uhakika wa kupatikana kuliko ukali wa atakachofanyiwa akipatikana. Katika karne ya ishirini hoja hiyo ilijaribiwa barabarani. Norway iliweka kiwango cha kisheria cha alkoholi katika damu mwaka 1936, kikiwa miligramu 50 katika mililita 100, na kwa miongo mingi dereva aliyekipita aliweza kutarajia kifungo cha takriban wiki tatu hata akiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, hadi sheria ilipolegezwa mwaka 1988 na faini ikapewa nafasi kwa viwango vya chini. Dunia iliusifu mfano huo, lakini mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani H. Laurence Ross aliyachunguza madai hayo na kuonyesha kuwa takwimu za ajali hazikuthibitisha kwamba vifungo vyenyewe ndivyo vilivyoleta nafuu iliyosifiwa. Nchini Uingereza, ambako kipima-pumzi kilianza kutumika Oktoba 1967, Ross aliona vifo na majeraha ya usiku yakipungua sana katika miezi ya mwanzo, kisha yakirudi kupanda kadiri madereva walivyogundua kuwa uwezekano wa kusimamishwa ulikuwa mdogo kuliko walivyodhani.

Kumbukumbu za wodini zinakubaliana na matokeo hayo kwa namna ambayo haikutarajiwa. Miongoni mwa waliofungwa kwa kosa la gari, hakuna aliyesema kwamba alipima kifungo na kuona kinavumilika. Wote walisema kwamba hawakufikiria kabisa, ama kwa sababu njia ile haikuwahi kuwa na kizuizi, ama kwa sababu walikuwa wakirudi nyumbani kwa njia ile ile kwa miaka bila kusimamishwa. Adhabu kali isiyofikiriwa haimzuii mtu, na mtu aliyekwisha kunywa, kama ilivyoelezwa hapo juu, amepoteza kwanza ule uwezo ambao ungemwezesha kuifikiria. Kwa hiyo kumwongezea miezi ni kumtisha kwa kitu asichokiona katika saa anayopaswa kukiona. Katika nchi ambayo kila mwaka kati ya 2021 na 2024 watu zaidi ya 4,000 walipoteza maisha barabarani, kujiridhisha na ukubwa wa adhabu iliyoandikwa kitabuni ni anasa.

Yanayofaa kufanywa

Kutokana na yote hayo, makala haya yanafikia uamuzi kwamba kwa dereva wa kosa la kwanza, kifungo kifupi kina haki ya kuwepo kama alama kwamba jamii imechukizwa, lakini kama njia ya kumrekebisha mtu ni njia ghali na yenye matundu. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 tayari inawapa mahakimu njia nyingine, kwa kuwa inaruhusu mtu aliyepatikana na kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu kufanya kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake. Amri hiyo ikitolewa kwa busara, kwa mfano katika wodi ya waliovunjika mifupa ya hospitali ya kaunti, ikiambatana na kunyimwa leseni kwa muda, na uchunguzi wa afya kuhusu unywaji, na malipo ya lazima kwa aliyeumia, itamfundisha dereva kile ambacho ukuta haukumfundisha, na mguu uliovunjwa utapata haki yake mapema. Gereza likibaki kuwa jibu, basi kila anayeingia kwa sababu ya pombe aulizwe mlangoni anakunywa kiasi gani, na zahanati ijiandae kumpokea kabla hajaanza kutetemeka. Na vizuizi vya kipima-pumzi, vinavyolindwa na sheria iliyoandikwa vizuri, viwekwe mara kwa mara na mahali pasipotabirika, hata alfajiri, ili dereva awe na sababu ya kuamini kuwa vipo.

Kwa msomaji anayekunywa, linabaki jambo moja ambalo hakuna hakimu wala askari jela anayeweza kumfanyia. Uamuzi wa namna ya kurudi nyumbani hauna budi kufanywa kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa, akili ikiwa bado ni yake: gari liachwe nyumbani, funguo akabidhiwe mtu asiyekunywa, nauli ya teksi itengwe mapema, na ikiwa kesho kuna safari ya alfajiri, glasi iwekwe chini mapema usiku au safari isogezwe hadi adhuhuri. Anayengoja kuamua baada ya kunywa ameshaamua.